Baiskeli Moja, Waendeshaji Wawili: Jinsi ya Kurekebisha Shokapu

Katika nyumba nyingi za askari baiskeli haina mwenyewe mmoja. Alfajiri humpeleka baba lindoni au kituoni. Saa nne humchukua mama hadi sokoni. Jioni huwa mikononi mwa watoto, nao aghalabu hawaombi ruhusa ya mtu. Wakati wa ile baiskeli nyeusi ya Kihindi jambo hilo halikuwa na madhara. Ilitosha kushusha kiti au kukipandisha, basi. Lakini siku hizi katika marundo ya mitumba huja baiskeli za milimani zenye shokapu mbele, na nyingine zina shokapu mbele na nyuma. Chombo cha namna hiyo, yafaa ieleweke tangu mwanzo, hurekebishwa kwa kufuata uzito wa mwili wa mtu mmoja. Akipanda mwingine mwenye uzito tofauti bila ya kukirekebisha upya, amepanda baiskeli isiyo yake.

Jambo hilo nililigundua kwa gharama ambayo sikuilipa mimi. Sisi tunakaa Mbale, chini ya mlima Wanale, ambako barabara ya lami ikishaachwa nyuma njia zote ama zinapanda ama zinateremka. Nilipoinunua baiskeli ya milimani iliyokwisha kutumika, uma wake wa mbele ulikuwa umelala, hauna upepo. Nikaona valvu yake imefanana na ya tairi la gari, nami nikaipeleka kwa kijana wa kuziba pancha mwenye mashine ya kujazia upepo. Aliugusisha mpira wa mashine yake kwa kitambo kidogo tu, uma ukainuka. Tukaubonyeza kwa mikono, tukauona mgumu, tukaridhika. Hakuna aliyeupima. Kwa bahati upepo ule ulikaribia kunifaa mimi mwenye kilo 88. Palikuwapo pia kifundo chekundu chini ya mguu wa kulia wa uma, mfano wa kile cha kuzungusha redio, ambacho sikukigusa kwa kuwa sikujua kazi yake. Kwa muda wa miezi miwili nilikwenda nayo kazini bila ya kuona kasoro.

Jumamosi moja binti yangu, mwenye umri wa miaka 16 na uzito wa kilo 52, aliichukua kwenda kumwona shangazi yake. Aliporudi aliteremka katika njia ya changarawe iliyochimbwa na mvua. Penye kona gurudumu la mbele lilianza kurukaruka juu ya mawe, naye alipokamata breki gurudumu halikuwa ardhini. Aliangukia bega, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Aliponiona neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, usukani ulikuwa unanipiga mikono." Nilidhani ni maneno ya mtoto aliyeshtuka. Kumbe ilikuwa taarifa kamili ya ajali, bora kuliko nyingi zinazoandikwa, na laiti ningalikuwa na maarifa ningaliijua sababu papo hapo. Alikaa wiki sita mkono wake ukiwa umefungwa shingoni, na katika wiki hizo nilijifunza haya ninayoyaandika.

Watu wengi huamini kwamba shokapu ni kitu cha starehe, yaani cha kuuzuia mwili usitikisike. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi yake ya kwanza ni kulishikilia gurudumu lisiachane na ardhi. Gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Linangoja kuanguka tu. Shokapu njema huliacha gurudumu lipande juu ya jiwe bila ya kuuinua usukani, kisha hulirudisha chini upesi ili lilikute shimo linalofuata. Ndani ya uma huo mna vitu viwili vyenye kazi mbalimbali. Kimoja ni springi, ama ya chuma ama ya upepo uliofungiwa, ambayo hubeba uzito na kusukuma kurudi juu. Cha pili ni oili inayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, nayo huupunguza mwendo wa springi ili isirukeruke kama godoro la watoto. Marekebisho yote hugusa ama cha kwanza ama cha pili.

Wazee wa mchezo huu walianza bila ya vitu hivyo. Huko California nchini Marekani, katika miaka ya 1970, vijana waliteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Breki hiyo ilishika moto hata grisi yake ikaungua, na kila baada ya mteremko ikabidi ijazwe grisi mpya. Ndiyo maana njia yao waliyoshindania kuanzia mwaka 1976 wakaiita Repack, yaani "jaza upya". Hata polisi wa mji wa Seattle, walipoanzisha doria ya baiskeli za milimani mwaka 1987, waliendesha baiskeli zenye uma mkavu usiobonyea. Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, wakati Paul Turner, aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alipotengeneza uma wa upepo na oili ulioitwa RockShox. Ulibonyea kiasi cha sentimita 5 hivi, si zaidi. Mwaka 1990, huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka za ubingwa wa dunia akiwa na uma huo, na tangu hapo ubishi ukapungua. Siku hizi uma wa baiskeli ya kawaida ya milimani hubonyea milimita 100 hadi 150, na ule wa mashindano ya kuteremka hufika milimita 200.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Huanza kwa kupima mbonyeo wa mwanzo, yaani kiasi ambacho shokapu hushuka kwa uzito wa mwendeshaji peke yake, kabla hajakutana na jiwe wala shimo. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini chombo kishuke bure. Sababu ni kwamba barabara ina mawe na mashimo pia. Ikiwa uma umesimama wima kabisa, gurudumu halina nafasi ya kushuka ndani ya shimo, nalo litaruka juu yake. Kwa uma wa mbele mbonyeo unaofaa watu wengi ni sehemu ya tano ya urefu wote wa kubonyea, na wale wa mbio za nyika hupunguza hadi asilimia 15. Uma wetu una milimita 120. Sehemu ya tano ni milimita 24. Shokapu ya nyuma hutaka zaidi, asilimia 25 hadi 30, nayo hupimwa kwenye chuma chake chenyewe na wala si kwenye mwendo wa gurudumu. Chuma kinachoingia ndani kwa milimita 50 kitashuka milimita 12 hadi 15.

Kupima huku kunataka watu wawili, mwendeshaji na mshikaji. Vaa vyote unavyovaa safarini, kwa maana askari mwenye buti, mkanda, redio na mfuko mgongoni ameongeza kilo kadhaa ambazo uma utazihisi. Kama baiskeli ina kufuli ya kuzuia shokapu isibonyee, ifungue kwanza. Kwenye bomba linalong'aa la uma aghalabu kuna pete ndogo ya mpira; kama haipo, funga uzi kwa kulegeza. Panda, simama juu ya pedeli zote mbili kama mtu anayeteremka, magoti na viwiko vikiwa vimelegea, huku mwenzako ameishika baiskeli. Bonyeza mara mbili tatu ili mipira ya ndani ilegee, kisha tulia. Mwenzako aisukume pete hadi iguse mpira wa juu wa mguu wa uma. Shuka polepole, bila ya kuuchezesha, ukachukue rula.

Tulimpima binti baada ya kupona, upepo ukiwa uleule wa mashine ya pancha. Pete ilisimama kwenye milimita 12. Mimi nilipopanda ilisimama kwenye 22. Basi siri ilikuwa wazi mezani. Uma ulionitii mimi ulikuwa kwake kama mti mkavu, na nusu ya nafasi aliyohitaji gurudumu lake kwa kuyafuata mashimo haikuwapo.

Springi ya upepo hurekebishwa kwa pampu maalumu ya shokapu, ambayo ni ndogo, ina geji, na husukuma upepo kidogo kidogo. Wale wenye haraka watauliza kama mashine ya kituo cha mafuta haitoshi, kwa kuwa valvu inalingana. Haitoshi hata kidogo. Chumba cha upepo katika uma ni kidogo mno, na mashine ile inaweza kukijaza kupita kiasi kabla kijana hajapepesa jicho. Kiasi cha juu kisichovukwa huandikwa kwenye uma wenyewe, na mara nyingi nyuma ya mguu wake mmoja hubandikwa jedwali la uzito na upepo. Lianze hilo, kisha uliache pete iamue. Ongeza upepo ukibonyea mno, punguza ukibonyea kidogo, pauni 5 kwa mara moja. Baada ya kila badiliko ubonyeze uma taratibu mara kumi au ishirini, kwa kuwa uma mwingi wa leo una vyumba viwili vya upepo vinavyosukumana na lazima vilingane. Kisha pima tena. Wala usitishike na sauti ya kufyonya unapoifungua pampu, kwani upepo unaotoka ni ule uliokuwa ndani ya mpira wa pampu. Ukiirudisha geji mara hiyo itaonyesha pungufu, kwa sababu mpira unajazwa upya kutoka ndani ya uma. Mimi nilidanganyika hapo kwa jioni nzima, nikimlaumu muuzaji kwamba kaniuzia uma unaovuja.

Geji ilionyesha kwamba yule kijana alikuwa ametutilia pauni 95 kwa inchi ya mraba. Zangu zikawa 90, na za binti 55. Tarakimu hizi ni za uma wetu tu, msomaji asizinakili; uma mwingine wa urefu uleule unaweza kutaka nyingi zaidi au chache zaidi kwa mtu yuleyule.

Hapo watu wengi huishia, wakaacha kile kifundo chekundu kama nilivyokiacha mimi, nacho ndicho kilichompiga mtoto mikono. Kazi yake ni kuamua jinsi uma unavyorudi juu baada ya kubonyea. Kikizungushwa kama mshale wa saa, oili hubanwa na uma hurudi polepole. Kikizungushwa kinyume, hurudi kwa haraka. Chetu kilikuwa kimefunguliwa hadi mwisho. Kila jiwe lilipoubonyeza uma, springi yenye pauni 95 iliurudisha kama mtego uliofyatuka, usukani ukapanda kwa kishindo, na gurudumu likaachwa likidunda. Ugonjwa wa upande wa pili una hila zaidi. Uma ukirudi polepole mno haujamaliza kupanda kabla jiwe la pili halijafika, kwa hiyo hushuka ngazi kwa ngazi, na baada ya mawe matano au sita umelala chini na kuwa mgumu. Mwendeshaji huhisi ugumu, hudhani upepo umezidi, akaupunguza, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nimewaona watu wazima wenye akili zao wakizunguka katika kosa hili kwa miezi.

Njia rahisi ya kuanzia ni ukingo wa barabara. Teremka ukingoni taratibu huku umekaa kitini. Uma ubonyee, upande, na utulie. Ukicheza mara mbili au tatu, ufunge kidogo. Ukipanda kwa uvivu kama mlango wenye kutu, ufungue. Kifundo hicho hulia "tik" kila kinapopita kituo chake, na milio hiyo ndiyo hesabu yako. Kizungushe kwa upole kama mshale wa saa hadi kisimame, usikilazimishe, halafu hesabu milio unapokirudisha. Mtu mzito mwenye upepo mwingi huhitaji kufunga zaidi, kwa sababu springi yake ina nguvu nyingi za kuzuiwa. Mtu mwepesi hufungua zaidi. Mimi nilifaa milio 7 kutoka mwisho, binti milio 11. Basi anayebadilisha upepo sharti akiangalie na kifundo, kwani hivi viwili ni mke na mume.

Baadhi ya baiskeli zina kifundo kingine juu ya mguu wa kulia, aghalabu cha rangi ya buluu, kinachozuia uma usibonyee kwa haraka. Kinafaa kwa mtu anayesimama akikanyaga pedeli kupanda mlima, au ambaye uma wake huchovya mbele anapofunga breki kwenye mteremko, jambo linaloweza kumtupa mtu juu ya usukani. Yapo maandishi ya "kasi ndogo" na "kasi kubwa" kwenye vyombo vya bei kubwa. Kasi inayotajwa ni ya uma kubonyea, wala si ya baiskeli barabarani. Ushauri wangu ni kukiacha wazi kabisa hadi mbonyeo na mrejeo viwe sawa. Wengi hawatakihitaji kamwe.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, liangalie tairi. Tairi pana la milimani ni shokapu ya kwanza kukutana na jiwe, na likijazwa hadi likawa gumu kama ubao litaiharibu kazi ya uma wa bei yoyote. Wanajeshi waendesha baiskeli wa Uswisi, ambao vikosi vyao vilivunjwa mwaka 2003, kwa miongo mingi hawakuwa na shokapu nyingine isipokuwa tairi na springi za kiti.

Neno moja kuhusu baiskeli za bei ya chini, ambazo kwa kweli ndizo nyingi katika soko letu. Ukiona uma unabonyea lakini hauna valvu wala kifundo chekundu, ndani yake kuna springi ya chuma au vipande vya mpira, bila ya oili ya kuuzuia. Kifundo cha juu huikaza springi mwanzo wake tu. Kinapunguza mbonyeo, lakini hakiwezi kuigeuza springi laini iwe ngumu. Uma huo humfaa mtu wa uzito wa kati, basi. Na baiskeli yenye shokapu ya nyuma ya bei ya chini hiyo, iliyolegea maungio, mimi singemnunulia mtoto hata kama nimepunguziwa bei. Kadhalika baiskeli ya namna hiyo haifai kwa mizigo. Anayetaka kuleta mikungu ya matoke kutoka shambani abaki na ile nyeusi ya Kihindi, ambayo katika kazi hiyo bado haijapata mpinzani.

Utunzaji ni mwepesi, nao unawafaa watoto. Kila baada ya safari pangusa yale mabomba yanayong'aa kwa kitambaa laini, kwa kuwa matope yakikauka hugeuka msasa na kuikata mipira ya kuzuia oili. Usioshe kwa mpira wa maji ya nguvu. Mchirizi wa oili bombani, au mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha, ni dalili ya kwenda kwa fundi. Watengenezaji wengi hutaka miguu ya uma ifunguliwe, isafishwe na kutiwa oili mpya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Kwa anayekwenda kazini kwa nusu saa kwa siku, hizo ni siku mia moja. Lakini mtu asifungue shokapu ya upepo kabla ya kuutoa upepo wote kwa valvu. Vifuniko vyake vinazuia nguvu kubwa, na kifuniko kilichofyatuka kinaweza kumtoa mtu jicho. Katika nyumba yenye vijana wapenda spana, onyo hili lisemwe kwa sauti.

Baada ya kurekebisha tulichagua kipande kimoja cha njia, chenye mawe, kona na mteremko mfupi, tukakirudia. Badiliko lilikuwa moja kwa kila safari, na baada ya kila safari pete iliangaliwa. Pete ikifika mwisho wa bomba mara moja tu, penye kishindo kikubwa kuliko vyote, mambo ni mazuri. Ikifika mwisho kila mara, upepo ni mdogo. Isipoigusa kabisa robo ya mwisho, umezidi. Binti aliikataa tarakimu yangu ya kwanza kwake, ambayo ilikuwa pauni 60, na alikuwa na haki. Mvua zikianza yeye hupunguza pauni 3, akisema gurudumu hushika vyema kwenye utelezi, nami nimejifunza kutombishia.

Katika kifuko cha chini ya kiti, pamoja na pampu, tumeweka daftari dogo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa: kilo 88, pauni 90, milio 7. Wa pili: kilo 52, pauni 55, milio 11. Kubadilisha kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine huchukua dakika tano, na anayechukua baiskeli hana ruhusa ya kutoka mlangoni kabla dakika hizo hazijapita. Jumapili iliyopita tulimpima mama yao pamoja na kikapu chake cha mgongoni. Kilo 67, pauni 70, milio 9, ukurasa wa tatu.